Banda la samaki la Sahare ambako unaweza kuambiwa "leo hakuna"

Wakuu habari za saa hizi. Muda mrefu nilikuwa nataka kuandika kuhusu hili banda nikawa naahirisha tu, sasa juzijuzi limetokea jambo pale mezani limenikaa kichwani mpaka leo, nikaona bora niandike yote kwa mkupuo, chakula, bei, na hilo jambo lenyewe. Liko Sahare hapa Tanga, ukishuka kwenye bajaji unafuata njia ya ufukweni, la makuti, halina bango. Ukiuliza watakwambia kwa yule mama wa bada. Mwenyewe kaniomba nisimtaje jina kwaiyo humu namwita Bi Mkubwa kama wateja wake wanavyomwita.

Nianze na chakula maana ndo tunachofuata. Bada yake (kwa wageni wa Tanga, ni ugali wa muhogo) ni laini, haina mabonge na haina ule uchachu wa muhogo ulioanikwa siku za mvua. Mchuzi unakuja kwenye bakuli pembeni, nazi inakunwa pale pale, ukikaa karibu na jiko unasikia mbuzi inavyokwaruza. Lakini changu wa kupaka ndo sababu ya watu kutoka Ngamiani mpaka kule. Anachomwa kwanza taratibu, ngozi ikishakauka ndo anapakwa tui zito lenye ukwaju, thomu na pilipili, anarudishwa motoni, anapakwa tena, hivyo hivyo mara tatu nne mpaka lile tui linashika kama ngozi ya pili. Ukimgusa na kidole nyama inatoka kwa mapande, sio kuvurugika. Kumbukeni hilo la mapande na kuvurugika maana nitalirudia.

Kachumbari ya kawaida, maji ya ndimu yapo, juisi ya ukwaju nzito haijazidi sukari.

Sasa jambo la kwanza la kujua ukienda pale, hakuna menyu. Kuna kile ngalawa zilicholeta. Bi Mkubwa ana wavuvi wake kama watano sita, wa mshipi na wa madema (ile mitego ya kusukwa), ananunua kwao tu, wasipopata na yeye hana. Mie nshaenda Jumamosi nimepanda bajaji na jua lile, nafika naambiwa leo hakuna, kuna bada na kisamvu. Siku nyingine nikakuta vibua na tasi tu. Kuna watu wanakasirika kabisa, kuna jamaa alikuja na wageni wake kutoka Dar akasema huwezi kujiita mgahawa wa samaki halafu huna samaki na Deep Sea sokoni wamejaa. Bi Mkubwa akamjibu, wa sokoni sijui walivyokufa.

Ndo neno lake hilo. Anataka kujua samaki kafaje.

Haya, hiyo juzijuzi. Tulikwenda watatu, mie, mama mdogo, na binamu yangu mtoto wa mjomba, yeye ni mvuvi. Tumekaa, chakula kimeletwa, akaja kijana na ndoo. Changu na pono wazuri kwa macho, wabichi wanang'aa, na bei aliyotaja ilikuwa karibu nusu ya bei ya kawaida. Bi Mkubwa akamchukua mmoja, akambonyeza ubavuni kwa kidole gumba. Pale alipobonyeza pakabaki shimo. Akamshika kichwa na mkia akampinda kidogo, uti wa mgongo ukalegea kama kamba. Akampasua tumbo kwa kisu, ndani damu imetapakaa kote. Akamrudisha kwenye ndoo, akanawa mikono, akamwambia kijana, mwanangu hawa siwachukui, ila kaa ule, sahani yako ipo.

Kijana hakukaa. Alisema tu, mama, nina mtoto amelazwa. Akabeba ndoo yake.

Niseme kabla sijaendelea kwamba mie sio mtu baki kwenye hili, na mtu anayesoma hii rivyu ana haki ya kujua. Mjomba wangu, baba wa huyo binamu niliyekuwa nae mezani, alipoteza mkono wa kulia kwa baruti ya kuvulia samaki mwaka 1998. Utambi ulikuwa mfupi. Wazee wa Tanga wanajua, miaka ile mlipuko ulikuwa unausikia mchana kweupe ukiwa umekaa barazani, vikombe vinatikisika, na vijijini hukosi kumkuta mtu mwenye mkono mmoja na kila mtu anajua kwanini ila hakuna anayeuliza. Mjomba ndo alinifundisha kumbonyeza samaki. Kwa mkono wake wa kushoto uliobaki. Alikuwa anasema mlipuko unapasua kile kibofu cha hewa kilichoko ndani ya samaki na mifupa inavunjika kabla ngozi haijachanika, kwaiyo nje unaona mzima ndani kasagika, na ukimpika nyama inavurugika kwenye mchuzi. Alafu akasema kitu ambacho mie nilikuwa mdogo lakini sijakisahau, kwamba wale waliokuwa wanawaokota ni sehemu tu ya waliokufa, wengine wanazama kwa sababu kibofu kimepasuka, na vifaranga vyote vinakufa, na mwamba unabaki kifusi. Matumbawe yaliyovunjika hivyo yanachukua miaka na miaka kurudi, mengine hayarudi kwa umri wa mtu mmoja. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza, na kweli baada ya ile misako mikali ya miaka ya karibuni milipuko imepungua sana, huwezi kulinganisha na zamani. Imepungua. Haijawa sifuri, ile ndoo ilinionyesha.

Kwaiyo mie nilipoona kile kidole gumba kinaacha shimo nilikuwa nshahukumu. Nilijisikia fahari kukaa kwenye lile banda.

Mama mdogo hakuona hivyo hata kidogo. Na hapa ndo nawaomba msome taratibu maana huyu ni dada wa mjomba, yeye ndo alikuwa nae hospitali wiki zote zile, alimfunga bandeji, alimlisha. Kama kuna mtu ana haki ya kuichukia baruti ni yeye. Alisukuma sahani yake, akainuka, akamfuata yule kijana mpaka barabarani akamwita, akanunua changu wawili kwa elfu tano. Akarudi nao kwenye mfuko, akauweka chini ya meza. Bi Mkubwa alimwangalia, akamwomba tu asiuingize jikoni.

Binamu akaona aibu, akasema shangazi umefanya nini sasa. Akajibu, na hii nawaandikia kama alivyosema: "Samaki keshakufa. Kumkataa hakumfufui. Kutupa riziki ni israfu, na mtoto wa watu amelazwa. Baba yako alipolazwa unajua mlikula nini? Mlikula walicholeta majirani, na nusu yao walikuwa wanapiga baruti vilevile."

Tukanyamaza wote.

Mie nimelifikiria hilo neno siku tano sasa. Sikubaliani nae, na nitasema kwanini, ila sio kwa sababu hajui bahari au hajali bahari kama wengine wanavyowasema watu wa aina yake. Yeye anaangalia mtu aliyesimama mbele yake. Dini yake inamwambia chakula hakitupwi na mwenye shida hafukuzwi, na maisha yake yamemwonyesha nyumba isiyo na mkono wa kuvua inavyokuwa. Mie naangalia mwamba, na kesho. Nikinunua leo kwa nusu bei, yule aliyerusha amelipwa, na kesho ana hela ya utambi. Samaki keshakufa ni kweli, lakini ile elfu tano bado iko hai, inaenda kufanya kazi. Na yule kijana mwenyewe inawezekana hata siye aliyerusha, inawezekana kapewa ndoo auze tu, sasa mkono utakaokatika ni wa nani? Ningempa elfu tano ya bure mkononi aende kwa mtoto wake na samaki nisichukue. Nilimwambia mama mdogo hivyo. Akasema, mtu mzima humpi sadaka mbele ya watu, unanunua bidhaa yake. Na hapo pia ana hoja, sikuwa na jibu la haraka.

Nilidhani binamu atakuwa upande wangu moja kwa moja, na kwenye baruti yuko upande wangu kuliko mie mwenyewe, alikuwa anamkatia baba yake nyama kwenye sahani tangu ana miaka saba. Ila na yeye ana lake na Bi Mkubwa. Binamu anavua kwa jarife, zile nyavu za macho makubwa zinazotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa na samaki wakubwa. Na Bi Mkubwa hanunui samaki wa jarife. Kabisa. Kisa chake ni silikanti.

Kwa wasiojua, silikanti ni yule samaki ambaye wataalamu walikuwa wanamjua kwenye mawe tu, wakaamini katoweka mamilioni ya miaka nyuma, mpaka 1938 alipovuliwa mmoja hai Afrika Kusini dunia nzima ikashangaa. Kwetu Tanga kuanzia 2004 wakaanza kuingia kwenye majarife, sio mmoja, wengi, mpaka ikawa stori ya kimataifa na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kwenye pwani yetu hii. Anazaa watoto hai, mimba yake ni ya miaka, na kuna utafiti unasema anaweza kufikisha hata miaka 100. Nyama yake haifai, mafuta mafuta tu, inaharisha. Yani anakufa kwenye wavu bure, mvuvi hapati kitu na bahari imepoteza mzee.

Sasa sikilizeni hoja ya binamu. Anasema, mie sijaomba silikanti aingie kwenye wavu wangu. Mie nimekwenda kina kirefu kwa sababu miamba ya karibu walishaivunja kwa baruti, huku juu ningekuta nini? Aliyevunja amepumzika nyumbani, mie ninayehangaika na wavu halali ndo nakataliwa mlangoni pamoja nae. Alisema hivyo huku anamwangalia Bi Mkubwa, na sauti ilikuwa imeanza kupanda.

Bi Mkubwa alikuja akavuta kiti akakaa nasi, na mie ndo kitu ninachompendea, hakujificha jikoni. Hakumwambia binamu kwamba ni mkosaji. Alisema anajua jarife sio baruti, na hajawahi kuziweka kapu moja, ila yeye ana banda moja na fungu moja la hela kila asubuhi, na ameamua hiyo hela iende kwa mshipi na dema kwa sababu mshipi ukivuta kisichotakiwa unakirudisha kikiwa hai. Akasema, sikukatazi kuuza, nachagua pa kununua. Na akaongeza kwamba marehemu baba yake alikuwa mvuvi wa madema, yawezekana ndo maana roho yake inaelemea huko, hajifichi.

Hapa kidogo nilikuwa na binamu. Naona kuna tofauti kubwa mno kati ya mtu anayeua kila kitu kwa makusudi na mtu anayeua kimoja bila kutaka, na kama mgahawa unawakataa wote wawili sawasawa basi yule wa pili anakosa sababu ya kubaki msafi. Nilimwambia Bi Mkubwa kwanini asiwe na siku moja kwa wiki ya kununua kwa watu wa jarife wanaokubali kutega sehemu zisizo na silikanti. Hakukataa wala hakukubali. Alisema ataongea na wenzie.

Jambo lingine ambalo wengi wanamlalamikia ni pweza. Kuna miezi hauzi pweza kabisa, na akiuza hapokei wadogo, mizani iko ukutani na chini ya nusu kilo anarudisha. Pweza anakua haraka sana, anaishi kama mwaka hivi au zaidi kidogo, na jike anataga mara moja tu, analinda mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe halafu anakufa. Ukimtoa kwenye tundu kabla hajataga umetoa na kizazi chote, ukimwacha wiki kadhaa unamkuta mkubwa maradufu. Ndo maana sehemu kama Pemba na Songosongo wanakijiji wanafunga mwamba wenyewe kwa miezi kisha wanafungua siku moja wote wanavuna. Hapa hakuna ubishi mezani kwangu, hata mama mdogo anakubali. Ila tena, wanaochokoa pweza maji yakitoka wengi ni kina mama, hawana ngalawa, na wale wadogo wa gramu 300 ndo hela ya unga ya siku hiyo. Bi Mkubwa anachofanya, hao kina mama ananunua kwao nazi, ndimu na muhogo pia. Sijui kama inatosha lakini ni mtu aliyewafikiria.

Moto. Kuchomea anatumia vifuu vya nazi, sio mkaa, na mchuzi anapika kwa gesi. Ladha ya vifuu mtaipenda, moshi wake mtamu na haubaki kooni. Serikali ina mkakati wa nishati safi, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, sasa mama kama huyu katangulia kwa hela yake, mtungi ukiisha wiki mbaya anakwama. Halafu nikanyanyua macho juu nikaona boriti za banda ni za mikoko, ile miti ya pwani wanakozaliana samaki. Nilimuuliza, maana haiwezekani uchague samaki kwa ubavu halafu ulale chini ya mikoko. Hakukasirika. Alisema banda lilijengwa na baba yake, boriti zina zaidi ya miaka 30, kuzing'oa leo ni kuzitupa tu, ila zikioza atabadilisha na mivinje, na mbili za mlangoni kweli nilikuta ni za mvinje. Mie jibu lile limeniridhisha. Baadae nikagundua kwamba nimekubali hoja ile ile niliyomkatalia mama mdogo, yani kilichokufa keshakufa tukitumie. Nimejaribu kuitenganisha kichwani, naona tofauti ni kwamba boriti za zamani hazimlipi mtu akate mpya. Nimemwambia mama mdogo hivyo pia, akasema nimejitafutia njia. Sawa, lakini naamini ndo ilivyo.

Bei. Changu wa kupaka na bada nimelipa 10,000, vibua na bada 6,000, juisi 1,500. Kwa mama ntilie wa Barabara ya 12 vibua ungekula kwa 3,500, tusidanganyane. Binamu aliniambia kwa siku yake ya kawaida hawezi kula pale, na anayevua hawezi kula samaki anayesifiwa kwa kuvuliwa vizuri, hilo linaniuma na sioni kama kosa ni la Bi Mkubwa, gharama yake iko juu kwa sababu analipa wavuvi wake mapema na analipa vizuri. Ila ningependa aweke sahani moja ndogo ya bei ya chini kila siku, hata ya dagaa, ili majirani wa Sahare nao waingie sio tu sie tunaokuja na bajaji.

Sevisi ni ya polepole, mjiandae saa nzima kwa wa kupaka. Choo ni kisafi, maji ya kunawa yapo na sabuni. Meza ziko tano tu. Lipa namba anayo. Kubeba chakula hatoi yale maboksi meupe, utakuja na hotpoti yako au anakufungia kwenye jani la mgomba, na kwa mtu wa bodaboda jani linavuja, mie limenichafulia begi, hilo atafute namna.

Na wale changu wawili wa chini ya meza. Mama mdogo aliwapika usiku ule ule kwa nazi. Binamu hakula, mie sikula. Nyama ilivurugika yote kwenye mchuzi kama alivyosema mjomba, akautoa miiba kwa uvumilivu, akawalisha wajukuu na watoto wa jirani, wakamaliza sufuria. Asubuhi yake akanituma kwenda kuulizia yule kijana mtoto wake amelazwa wodi gani. Bado namtafuta, nimeacha ujumbe kwa Bi Mkubwa akipita tena amshike.

Nyota nampa nne. Ijumaa anafungua baada ya swala, siku nyingine kuanzia saa tano asubuhi. Mpigeni kabla hamjatoka nyumbani, namba mtaikuta kwa watu wa bajaji pale kituoni, mumuulize ngalawa zimerudi na nini.